Mahali Aliposimama Fundi Nguzo

Niliamini kwa moyo wote kwamba katika mgodi wetu, huko upande wa Geita, kulikuwa na mwanamume aliyenusa dhahabu kwa nyayo. Si kwa pua. Pua hata mbwa anayo. Kwa nyayo. Ilisemekana akikanyaga juu ya mwamba wenye dhahabu, hata kama dhahabu yenyewe imelala chini kuliko urefu wa mnara wa winchi, nyayo zinaanza kumwasha, na mwasho huo wa nyayo unamlazimisha asimame. Kwa hiyo aliposimama, hapo ipo. Sikuyaamini haya nikiwa mtoto. Niliyaamini nikiwa na ndevu, nikiwa mgawaji wa taa za shimoni, na nikiwa na cheti cha shule ya jioni nilichokitundika ukutani juu ya kitanda, ambacho mgeni alipaswa kukisoma chote kabla sijampa maji ya kunywa.

Mtu mwenyewe tulimwita Fundi Nguzo. Kazi yake ilikuwa kusimamisha magogo yanayoshikilia dari la shimo lisitushukie vichwani. Alitoka upande wa Shinyanga, kwenye mbuga tambarare ambako, kwa maneno yake, mtu akitaka kuona mbali anampanda ng'ombe. Vilima havikuwa jambo lake. Alivisema vibaya kila alipopata nafasi: vinakula viatu, vinakula magoti, vinaleta baridi isiyo na sababu. Lakini kila Jumapili asubuhi, mvua au jua, mtu huyohuyo alipanda kilima.

Kilima chenyewe tulikiita Kipara. Kilikuwa nyuma ya kota za wafanyakazi, ng'ambo ya bonde lenye tope jeusi, na hakikuwa na mti wala nusu ya mti. Wachungaji hawakukipenda kwa sababu nyasi zake zilikuwa fupi na ngumu kama brashi ya viatu. Wanawake hawakukipenda kwa sababu hakikuwa na kuni. Maji yake yalikuwa yale yanayochuruzika chini ya mawe na kukuharibia viatu bila kukutosheleza kiu. Na upepo wake, naapa, uliwahi kumvua mtu shati bila kufungua vifungo. Asubuhi ukungu ulikaa juu yake kama kilemba, na ndani ya ukungu ule husikii kitu isipokuwa kwale wakigombana na pimbi wakipiga mluzi kwenye nyufa za mawe. Ungeweza kukaa huko mwaka mzima usione mtu. Ndiyo maana mtu mmoja kwenda huko kila wiki lilikuwa jambo la kuzungumzwa.

Na namna alivyopanda ilizidisha maneno. Akifika chini ya kilima alivua buti zake za shimoni, akafunga kamba zake pamoja, akazitundika shingoni, akaanza kupanda miguu mitupu juu ya nyasi zile za brashi. Mikono nyuma, koti limefungwa hadi kidevuni. Alikwenda taratibu kama mtu anayepita kwenye nyumba ya wagonjwa. Halafu, bila sababu ya kuonekana, alisimama. Aliinama kidogo, akatazama chini katikati ya vidole vyake vya miguu, akakaa hivyo muda ambao mtu angeweza kukoka moto na kuchemsha chai. Kisha akaendelea. Kisha akasimama tena.

Aliyeigundua siri, au tuseme aliyeizaa, ni Masanja, mwendesha winchi, ile mashine ya kuteremsha na kupandisha watu shimoni. Masanja alikuwa na kifua cha fahali, na sauti yake ilisikika shimoni bila simu. Jumapili moja alikwenda Kipara kutega kwale, akamwona Fundi Nguzo akisimama kando ya jiwe lililopasuka. Fundi alipoondoka, Masanja akaparua pale kwa kisu, akaokota kipande cha jiwe jeupe chenye alama ya njano. Mimi sikukiona kwa karibu, kwa kuwa hakukitoa kwenye ngumi yake. Jioni ile kota nzima ilijua kwamba alama ile ni kubwa kama punje ya mtama. Kesho yake ilikuwa punje ya mahindi. Kufika katikati ya wiki ilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, na kwa hilo la kichwa cha mtoto nadhani nami nilichangia.

Msomaji asicheke upesi. Maneno yale yalikuwa na meno. Siku zile mfanyakazi akikutwa na dhahabu mbichi, hata vumbi lake kwenye mshono wa kaptula, alikwenda jela, na akirudi jela hakuna kazi, na pasipo kazi hakuna kota. Fundi Nguzo alikuwa na mke, Mama Kabula, na binti yao Kabula alikuwa bado bwenini kwenye shule ya misheni, akibakiza miaka michache amalize. Mfanyakazi anayedhaniwa kujua dhahabu ilipo ni mwizi anayesubiri kukamatwa. Kila Jumapili aliyopanda Kipara, Fundi Nguzo alikuwa akiitembeza kazi yake, nyumba yake na masomo ya mwanawe mbele ya macho ya watu, na watu hao tulikuwa na njaa ya dhahabu.

Niliwahi kumuuliza. Alikuja dirishani kwangu kuchukua taa yake ya kaabaidi kabla ya kushuka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

"Fundi, wanasema wewe..."

"Wanasema."

"Ni kweli?"

Alinitazama kwa muda, midomo imefungwa, pua zikifanya kazi.

"Taa yangu," akasema.

Nikampa. Hakukataa, hakukubali. Mtu asiye na siri, nilijiambia kwa akili zangu zote za shule ya jioni, angekataa.

Nikisema alikuwa mtu wa kugonga, nasema jambo ambalo kila aliyemjua angelitaja kwanza. Aligonga kila kitu kwa vifundo vya vidole na kutega sikio: mlango, mtungi, boga sokoni, mguu wa meza. Shimoni aligonga dari kwa mtaimbo. Dari zima, alisema, linalia kama kengele. Bovu linajibu kama ngoma iliyonyeshewa. Akilisikia la pili alisema neno moja: "Toka." Ukimuuliza kwa nini, alisema, "Toka kwanza, utauliza nje." Hakupandisha sauti. Siku moja nilishuka kupeleka taa ya akiba kwenye njia ya chini, nikakuta wanaume wanachoronga mwamba, yeye amesimama nyuma yao na mtaimbo wake. Akagonga. Akatega sikio. Akagonga tena hatua moja mbele.

"Toka."

Hakuna aliyesogea haraka, maana kazi ilikuwa imekaribia mwisho na nyapara aliitaka imalizike.

"Fundi, dakika tu," nyapara akasema. "Tumalize tundu hili."

"Toka kwanza."

"Nani anatoa amri hapa?"

Fundi Nguzo alimshika nyapara ukosi wa shati kama mtu anavyomshika mbuzi, akamtoa, nasi tukafuata kwa sababu hatukutaka kuachwa peke yetu na dari lile. Tulikuwa hatujafika kwenye njia ya reli ya vitoroli dari liliposhuka. Halikushuka kwa kishindo kama watu wanavyosimulia. Lilishuka kwa pumzi moja ndefu, na upepo wake ukazima taa zote. Gizani nilisikia nyapara akimtaja mama yake. Nilisikia pia Fundi Nguzo akikohoa, akikohoa, akikohoa, mpaka taa ziliwashwa, na hata baada ya hapo. Lakini nani alikuwa hakohoi shimoni? Vumbi la kuchoronga lilikuwa jeupe mno mpaka tulitoka tukiwa ndugu na Wazungu.

Baada ya siku ile imani yangu ikawa chuma. Mtu anayesikia mwamba kwa masikio, kitamshinda nini kuunusa kwa nyayo?

Shule ya jioni alikuja pia. Ilikuwa kwenye ukumbi wa wafanyakazi. Mwalimu wetu mchana alikuwa karani wa stoo, jioni alikuwa mfalme. Mimi nilikaa mbele kabisa. Fundi Nguzo alikaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, hata mvua ilipompiga bega. Mwalimu alimwambia asogee ndani, akasema hapo panamfaa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, herufi zimesimama wima kama magogo yake. Lakini kusoma kwa sauti alikataa katakata. Zamu yake ikifika alisimama, akatazama ukurasa, akasema, "Mwenzangu asome." Mwalimu alidhani hajui. Sisi tulidhani ana dharau. Masanja, ambaye alikuja darasani wiki moja tu na kuondoka kwa kuwa benchi halikumtosha, alikuwa na maelezo bora zaidi: mtu mwenye dhahabu hana haja ya kusomea watu.

Ni kweli pia kwamba alikuwa mtu wa maneno machache kwa jumla. Nyumbani Mama Kabula alisema kwa niaba ya wawili. "Mume wangu ameniazima mdomo," aliwaambia wageni, "na hajajisumbua kuudai." Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, na ulimi wake ulikuwa haukopeshi. Ukimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", asubuhi, alikujibu, akakuuliza habari za mkeo, akakueleza kosa lako katika ndoa, yote kabla hujapita ua wake. Nilimpenda. Lakini Jumapili, mumewe akiwa kilimani, Mama Kabula hakutania na mtu. Aliketi kwenye kizingiti akichambua mtama, uso umeelekea Kipara, na hakuondoka pale mpaka amwone akirudi. Mtu akimwamkia alijibu bila kugeuka. Nasi tukasema: unaona? Hata mkewe anangoja mzigo.

Basi tukaanza kumfuata. Si wote pamoja, na si waziwazi. Wawili leo, watatu Jumapili nyingine, tukitambaa nyuma ya mawe kama pimbi waliokosa adabu. Kila aliposimama tuliweka alama ya mawe madogo, na yeye akishapotea kwenye ukungu tukachimba. Tulichimba kwa haraka na kwa hofu, maana askari wa mgodi walipita chini bondeni, na kuchimba bila ruhusa kulikuwa kosa sawasawa na kuiba. Hatukupata kitu. Hilo halikutukatisha tamaa hata kidogo. Kukosa kulithibitisha kwamba ipo chini zaidi.

Halafu tukagundua jambo lililotutia wazimu. Mwaka wa kwanza alisimama juu, karibu na kilele, kwenye jiwe lililopasuka na pengine mara moja tu zaidi. Mwaka uliofuata alianza kusimama katikati ya mteremko. Baadaye chini ya katikati. Baadaye tena mara tu baada ya kuvuka tope, na kutoka hapo alisimama mara nyingi, kituo kwa kituo, mpaka juu. Masanja alikusanya watu nyuma ya banda la winchi akatueleza maana yake, akichora udongoni kwa kijiti.

"Mnaona? Mkanda wa dhahabu unashuka. Hauko kileleni tena peke yake. Unakuja huku."

"Dhahabu inatembea?" mmoja akauliza.

"Mvua inaitembeza. Mwaka kesho itakuwa nyuma ya vyoo vyetu."

Tulishangilia. Nakumbuka tulishangilia kwa kupigana mikono. Kila Jumapili Fundi Nguzo aliposimama chini kidogo kuliko Jumapili iliyopita, sisi nyuma ya mawe tulifurahi kama watu wanaoona mvua inakaribia.

Masanja hakuwa mtu wa kungoja mwaka kesho. Jumapili moja ya ukungu mzito, wakati mtu haoni mkono wake ukiwa mbele yake, tulipanda watatu: Masanja na mtaimbo, kijana mmoja wa karakana na sululu, na mimi na koleo nililoazima kwa jirani kwa kisingizio cha bustani. Hatukumwona Fundi Nguzo. Tulimsikia. Buti zake mbili ziligongana kifuani kwake, kok, kok, kok, polepole, zikapungua, zikanyamaza. Amesimama. Masanja akatutazama. Safari hii hakujificha. Alitoka kwenye ukungu akaenda kusimama mbele yake, karibu kiasi cha kupakana.

"Mwangaluka, Fundi."

Fundi Nguzo alikuwa ameinama, mikono juu ya magoti. Aliinua macho tu.

"Leo tumechoka kuokota nyuma yako," Masanja akasema. "Utuambie wewe mwenyewe. Ipo hapa, au haipo?"

Akarudisha macho chini.

"Nazungumza na wewe, ngosha."

Nilisikia maji yakichuruzika chini ya nyasi. Uso wa Fundi Nguzo ulikuwa umelowa, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, nikadhani ni ukungu.

Masanja akaunyanyua mtaimbo, si juu sana, akaulaza begani. "Sikiliza, mzee. Nikishuka hapa naweza kwenda nyumbani kwangu, au naweza kwenda kwa askari nikawaambia unachokifanya huku kila Jumapili. Watapekua nyumba yako mpaka kwenye chungu cha mboga. Kesho kutwa utakuwa barabarani na mkeo na vyombo vyako, na binti yako ataletwa kutoka bwenini. Nimeeleweka?"

Kijana wa karakana akasema taratibu, "Masanja, yatosha." Masanja hakumsikia. Fundi Nguzo alifungua mdomo, akaufunga. Nilihesabu kwamba mtu huyu ni jasiri kuliko simba, maana alimtazama mwenye mtaimbo kwa muda mrefu kupita kiasi bila kutoa hata neno. Misuli ya mkono wa Masanja ilianza kukaza. Mimi, mwenye cheti, nilikuwa natafuta njia ya kurudi nyuma bila kuonekana narudi nyuma.

Hatimaye Fundi Nguzo akanyoosha kidole chini, hatua chache kutoka miguuni pake.

"Chimba," akasema.

Hatukuambiwa mara mbili. Masanja aliruka. Tulichimba kama watu waliotoka kaburini wakitaka kurudi. Naye Fundi Nguzo akaketi juu ya jiwe, akaweka buti zake kando, akatutazama. Kadiri tulivyozidi kuhema ndivyo yeye alivyozidi kutulia. Rangi ilimrudia usoni. Hata alitabasamu, na aliniambia mimi, "Koleo lako si la bustani," jambo ambalo lilikuwa kweli.

Masanja alikuwa ndani ya shimo hadi mabegani Fundi Nguzo aliposimama, akasogea ukingoni, akapiga ukuta wa udongo kwa kisigino mara mbili. Akainamisha kichwa.

"Toka," akasema.

Masanja akacheka. "Sasa tumeikaribia, ndiyo unataka nitoke?"

"Toka kwanza."

"Nitatoka nayo mkononi."

"Toka kwanza, utauliza nje."

Kijana wa karakana na mimi tuliyajua maneno yale. Tulimshika Masanja kwapa huku na huku, tukamvuta akitutukana kabila na ukoo, na upande wa shimo ukaporomoka ukamfunika miguu hadi magotini. Ungemfunika kichwa. Tulimchomoa kama muhogo, kiatu kimoja kikabaki huko, nadhani kipo mpaka leo. Tulipoinua macho, Fundi Nguzo alikuwa ameshaondoka. Kok, kok, kok, juu kwenye ukungu. Baada ya muda mfupi, buti zikanyamaza tena.

Mtu mwingine angeshuka kilimani akiwa na shukrani. Masanja alishuka na hesabu nyingine kabisa. "Ametuonyesha mahali panapoporomoka," alisema, akichechemea na kiatu kimoja. "Alitaka kutuzika. Mtu hawaziki watu bure."

Ijumaa iliyofuata askari wa mgodi walikuja kota. Walipekua nyumba ya Fundi Nguzo mpaka kwenye chungu cha mboga, kama alivyoahidiwa. Walitikisa magodoro, walimwaga mtama wa Mama Kabula chini, walichokonoa kuta. Mama Kabula alisimama uani mikono kiunoni akiwaambia kwamba wakimaliza kuchokonoa wazibe, maana panya walikuwa wanangoja nafasi. Hawakupata kitu. Kwa kuwa hawakupata kitu, wakasema basi ameimeza, wakampeleka hospitali ya mgodi.

Habari za huko nilizipata kwa mhudumu mmoja tuliyekaa benchi moja shule ya jioni. Alisema walimnywesha mafuta ya mbarika wakangoja, na kilichotokea hakiandikiki na mtu mwenye cheti, ila dhahabu haikuwamo. Kisha daktari akamvua shati. Akaweka vidole vya mkono mmoja juu ya kifua chake, akavigonga kwa vidole vya mkono wa pili. Tup, tup. Akasogea kidogo. Tup, tup. Mbele, ubavuni, mgongoni.

"Na Fundi?" nikauliza.

"Fundi aliinamisha kichwa. Kama anasikiliza."

"Halafu?"

"Halafu, kabla daktari hajasema hata neno, akavaa shati lake akatoka."

Nilipiga paja. Nilimweleza mhudumu maana yake, naye akakubaliana nami: daktari alikuwa anatafuta dhahabu ilipokwama, na mwenyewe alipoona inakaribia kugundulika, akakimbia.

Juma lile hawakumfunga, lakini yeye na mkewe waliondolewa kota. Siku ya mwisho alikuja dirishani kwangu kurudisha taa. Aliiweka mezani, akaisafisha kioo kwa mkono wa koti. Niliinama mbele nikanong'ona kama ndugu, "Fundi, mimi si Masanja. Uliificha wapi?" Alinitazama kwa upole wa mtu anayemtazama ndama amefungwa kamba vibaya. Akagonga meza yangu kwa vifundo vya vidole, akatega sikio. "Meza yako ni nzima," akasema, akaenda zake.

Baada ya hapo Kipara kilishikwa na ndui. Kila kituo alichosimama kilichimbwa, na vingine ambavyo hakusimama vilichimbwa kwa heshima yake. Pimbi walihama. Hatukupata hata kijiko cha dhahabu, na askari walipoanza kukamata watu kilimani, tuliacha, tukasema Fundi Nguzo aliifunga kabla ya kuondoka.

Niliyabeba haya yote miaka kadhaa, yakiwa mazima kabisa, mpaka kazi iliponipeleka Isaka kupokea mzigo wa mashine uliokuja kwa treni. Treni ilichelewa, mkuu wa stesheni akasema labda kesho, labda kesho kutwa. Kwenye banda la chai nikasikia watu wakimtaja mzee mmoja wa vijiji vya jirani ambaye zamani aliweka nguzo migodini. Nilikodi baiskeli nikaenda. Sitaki kudanganya: nilikwenda kumsalimia, na nilikwenda pia kuuliza.

Nyumba yao ilikuwa kwenye mbuga tambarare, kweli tambarare kama alivyosema, upeo wa macho umezunguka pande zote kama mdomo wa sufuria. Kitu pekee kilichoinuka ni kichuguu kikubwa nyuma ya ua, kirefu kuliko mtu kidogo. Mama Kabula alikuwa ameketi kwenye kizingiti anachambua michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Alikuwa amekonda, lakini aliponiona alipasua kicheko.

"Karibu, Mwenye Cheti. Umekileta, au umekiacha ukutani?"

"Shikamoo, Mama Kabula. Kipo salama."

"Marahaba. Keti. Kabula ni mwalimu sasa, ujue, yuko Kahama. Vyeti vyake anaviweka sandukuni."

Nikacheka. Nikauliza, "Fundi yuko?"

Alielekeza kidevu upande wa kichuguu, na hapo nikaona kwamba uso wake ulikuwa umeelekea huko tangu nilipofika, hata alipokuwa akinitania, kama ulivyokuwa ukielekea Kipara.

Fundi Nguzo alikuwa chini ya kichuguu, miguu mitupu, koti limefungwa hadi kidevuni kwenye joto lile la mchana. Koti lilikuwa kubwa kwake sasa. Alipanda hatua moja, ya pili, akasimama. Aliinama, mikono juu ya magoti, akatazama chini katikati ya vidole vyake vya miguu. Alikaa hivyo. Kifua chake kilipanda na kushuka kama cha ndege aliyeshikwa mkononi. Akapanda hatua nyingine. Akasimama tena.

Nami nikainuka. Sikuwaza. Miguu yangu ilinipeleka yenyewe hadi karibu na kichuguu, macho yakaenda pale penye nyayo zake za kwanza, na nikajikuta naparua udongo kwa ncha ya kiatu, taratibu, kama mtu anayenyoosha mguu tu.

Mama Kabula alikuwa amenifuata na ungo wake wa michembe. Alitazama kiatu changu kwa muda.

"Unatafuta nini hapo, baba?"

"Hapana, naangalia tu."

"Unaangalia." Aliuhamisha ungo kwenye mkono wa pili. "Na kule mlikuwa mnaangalia tu?"

Nikarudisha kiatu nyuma. Juu yetu Fundi Nguzo alikuwa bado ameinama, nadhani alitusikia, maana aliinua kiganja kidogo, ningojee salamu mpaka amalize.

"Kila Jumapili aliniambia, 'Mama Kabula, nikifika juu ya kile kilima, Jumatatu nitashuka shimoni,'" mkewe alisema, bila ukali wowote, kama anayemweleza mgeni njia ya kisimani. "Alitaka Kabula amalize shule. Buti alivua kwa kuwa zilikuwa nzito. Vumbi lilishamjaa kifuani, hakutaka mtu ajue. Hakuna dhahabu hapo, baba, na kule haikuwapo. Alikuwa anaishiwa pumzi, anasimama ili apumue."